Kopo la Simbi Tatu

Baba,

Barua hii itabidi nikusomee mwenyewe, kama nilivyokusomea zote zilizoingia nyumba ile tangu nilipokuwa darasa la tatu. Msahafu uliusoma bila ya kusita, lakini herufi za skuli ulikuwa huzitaki. Ukinisukumia bahasha, ukafumba macho, na nikimaliza ukauliza, "Ndo basi?" Hata zikiwa kurasa tatu zimejaa salamu na habari za ndoa na za kufiwa, wewe, "Ndo basi?" Leo aliyeandika ni mimi, na sijui kama nitafika mwisho bila ya kukwama. Nivumilie.

Nakuandikia kwa ajili ya kopo. Uliniambia jambo siku ile ya Alhamisi, nikakujibu vibaya, na kabla ya adhana ya alasiri ulikuwa umeshakata roho. Jibu lile ndilo neno la mwisho ulilolisikia kwangu. Sijamwambia mtu, si Seif mume wangu, si Khamis mdogo wangu. Tangu siku hiyo nalitafuta jibu jingine la kukupa, na ndiyo habari ya barua hii.

Kwanza ya nyumbani. Khamis ameichukua baiskeli yako na ameitia kengele mpya, ati ile ya kwako ilikuwa haina adabu. Mjukuu wako Zuhura amepanda kidato cha tatu. Nyumba yako ya Makangale imesimama, ila bati la jikoni limeng'olewa na upepo. Khamis anasema atakuja kulipiga misumari, na wewe unamjua Khamis. Chumba chako hapa Wawi nimerudisha vitambaa vyangu. Nilikaa muda mrefu siwezi kuingia humo hata kuchukua pini, nikawa nanunua pini mpya na za zamani zimejaa mkebe.

Kopo lilianza kulia siku ya kumi baada ya kukuzika. Nilikuwa barazani kwenye cherehani, mchana kweupe, nashona sare za skuli. Nikalisikia upande wa sikio la kulia: simbi tatu ndani ya bati, kavu, mara mbili, kisha kimya. Nikaondoa mguu kwenye pedeli. Kuku wa jirani, redio ya jirani, basi. Nikaanza tena kushona, likalia tena.

Mtu asiyelijua angesema ni takataka. Kopo la tungule za dukani, ulilolitoboa, ukalitia simbi tatu za pwani na kulifunga juu ya ufito wa mkandaa. Ukishautupa mshipi ng'ambo ya mawimbi, unaupitisha kwenye panda ya ufito uliouchomeka mchangani. Samaki akigusa chambo, ufito unatikisika na kopo linalia. Ndivyo ulivyoweza kuvua na kusali alasiri kwa wakati mmoja pale pwani ya Vumawimbi, umeelekea kaskazini, bahari mkono wako wa kulia. Kwa hiyo kopo likilia, hulia kulia.

Niliikagua nyumba nzima, baba. Nilitikisa vikombe na vijiko, nikaitoa mikasi ukutani, nikaenda kuangalia mbuzi wa jirani kama ana kengele. Seif alinikuta nimeshika sufuria nalisikiliza, akasema, "Raya, hebu kapumzike." Wateja nao walianza kuniangalia kwa jicho la huruma, na mimi jicho hilo silipendi, unajua. Bibi mmoja nilimwachia sindano kwenye pindo la dera kwa sababu ya kusikiliza kopo. Alirudi nalo, akanionesha tu ile sindano, akaondoka.

Nataka niseme mambo yalivyokuwa, maana msibani yalisemwa mengine. Walisema, "Raya kamuuguza babake, radhi kazipata zote." Nilikuwa nimekaa mkekani nimejifunika kanga, aibu imenishika mpaka mgongoni, na kila aliyekuja kunipa mkono alikuja na sifa.

Ulipopata kiharusi pwani, wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao waliona hunyanyuki kwenye sijda, wakakubeba. Ukaletwa hospitali Chake Chake, na ulipotolewa tukakuweka kwangu Wawi ili daktari awe karibu. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na ulimi umekuwa mzito hata jina la Khamis likawa linakushinda. Lakini maneno matatu yalitoka sawasawa kama ya mtu mzima: "Kopo lalia. Kaangalie."

Wiki saba, baba. Ukiamka asubuhi, kopo lalia. Nikikulisha uji, nikikugeuza ubavu, nikikubadilisha shuka, kopo lalia, kaangalie. Na Wawi hakuna bahari. Pana mihogo na mikarafuu na barabara, na ukipanda juu ya bati huoni maji. Jamaa waliokuja kukutazama walisema unapayuka, na mimi nikakubali kuwa unapayuka. Mwanzo nilikujibu, "Halijalia, baba." Hukuridhika. Baadaye nikajifunza kusema, "Nimeshaangalia, baba, hamna kitu," na hapo ulikuwa unatulia saa nzima. Nilikudanganya ukatulia, na hilo nalo linaniuma kwa namna yake.

Siku ile ya Alhamisi nilikuwa na nguo sita za harusi, zinatakiwa Ijumaa asubuhi. Uliniita tangu nilipokaa. Nilinyanyuka mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila nikikanyaga pedeli, "Kopo lalia. Kaangalie." Mara ya sita nilikuja na futikamba shingoni, nikasimama mlangoni, wala sikukikaribia kitanda. Nikasema, "Hakuna kopo, baba! Hapa ni Wawi. Hakuna bahari, hakuna samaki, na wewe hutavua tena. Lala!"

Ukanitazama. Ukasema, kwa ulimi mzito, "Haya."

Kisha ukageuza uso ukutani. Nilirudi nikashona nguo mbili, na naomba Mungu anisamehe, nilifurahi kuwa nyumba imetulia. Nilipokuja na maji ya kukutawadhisha kwa ajili ya alasiri ulikuwa umeanza kupoa. Hiyo "haya" yako naijua tangu utoto. Ulikuwa ukiisema nikikataa kula, au nikikataa kwenda chuoni kusoma Msahafu, ukaniacha nikajione mwenyewe. Ningeipata siku moja tu tena, ningenyanyuka mara mia.

Baada ya hitima waligawana vitu vyako. Mkoba wako wa ukili haukuwa na mwenyewe, nikauchukua. Ndani mlikuwa na kibao chenye mshipi, ndoana nne, machubwi mawili ya risasi ya kuuzamisha mshipi, na kopo limeliwa na kutu lakini simbi zake zote tatu zimo. Nikalitikisa. Ndilo. Ndilo hilo hilo.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mshipi ulikuwa umezungushwa kwenye kibao ovyo, umekwenda kushoto, nyuzi zimepandana. Wewe ulikuwa ukiuzungusha kwenda kulia, umelala sawasawa, mpaka nilipofungua duka la cherehani nilijifunza kuzungusha uzi kwa kukuangalia wewe. Mimi ni fundi, uzi nauona. Nikasema labda ni wale waliokubeba ndio waliokusanya vyombo vyako, nikauacha ulivyo.

Nikaamua nitakwenda Vumawimbi, nitautupa mshipi pale pale, na nitalisikia kopo likilia la kweli, mara moja tu. Labda la kweli likilia, hili la Wawi litaniacha. Na nitakuwa na la kukwambia. Huku kwetu mwanamke huenda pwani maji yakitoka, kwa pweza na kwa mwani; kusimama mbele ya wimbi na kutupa mshipi si kazi waliyomzoea nayo mke wa mtu. Seif aliniuliza nitavaa nini. Nikamwambia dera. Akanyamaza, na kwa Seif hiyo ni ruhusa.

Basi miezi mitano sasa, kila Jumamosi ambayo maji yanajaa alasiri, naondoka asubuhi na gari ya Konde, nashika bodaboda kupitia msitu wa Ngezi, nafungua nyumba yako, nafagia, nachukua ufito wako nyuma ya mlango. Ungenicheka, baba. Nasema hivyo kwa sababu Bi Mize alinicheka kwa niaba yako. Jirani yako bado yuko vile vile, anachokoa pweza kila maji yakitoka, na ulimi wake hajaupunguza hata kidogo.

Siku ya kwanza alinipa mguu mmoja wa pweza wa kufanyia chambo. Nikaupeleka jikoni, nikaupiga juu ya jiwe, nikausugua kwa chumvi, nikaukamulia ndimu mbili, nikausuuza mpaka maji yakatoka meupe. Ndivyo mikono yangu inavyomjua pweza, miaka thelathini namwosha hivyo. Nikafika pwani na kibakuli changu kinanukia. Bi Mize akachungulia, akanusa. "Wee Raya! Wapika au wavua? Samaki ataka uvundo, hataki ndimu!" Akacheka mpaka akakaa mchangani, na habari ikafika Makangale kabla yangu. Mpaka leo mwenye duka ananiuliza kama nataka na nazi.

Nilipoutupa mshipi mara ya kwanza, ndoana iliuchukua mtandio wangu na kwenda nao majini, nikabaki kichwa wazi mbele ya bahari nzima. Mara ya pili chubwi lilianguka karibu na kidole changu cha mguu. Jumamosi ya tatu niliuchomeka ufito kwenye mchanga mkavu, karibu na maji, na maji yalikuwa yakijaa. Wimbi moja likaja likauchukua, nikaingia na dera langu mpaka kifuani kuufuata, nikanywa chumvi ya kutosha mwaka. Nilitoka nao nikilia kwa hasira. Nilikukasirikia wewe, nisikufiche. Nilisema kwa sauti, umekufa na siri zako zote, hata mahali pa kuchomeka kijiti hukunionesha.

Halafu nikakumbuka kuwa ulinionesha. Nilikuwa na miaka saba au minane. Uliniambia niangalie wimbi linapovunjika jeupe, hapo kina ni kifupi. Lakini baina ya jeupe na jeupe pana njia nyeusi, ndiyo maji yanapopita kurudi, na samaki nao hupita humo. Na kazi yangu ilikuwa moja. Ukishaingia kwenye sala, nikae karibu na ufito. Kopo likilia, nisikuite, nisipige kelele, niushike mshipi mpaka utoe salamu. "Shika, usivute. Shika tu." Nilishika, baba. Mara moja alikuja samaki mzito akanikalisha mchangani na kunivuta kwa matako mpaka majini, nami sikuachia, na wewe ulikuwa kwenye sijda mabega yanakutikisika kwa kicheko. Sala ile sijui kama ilisihi au ilibatilika. Kisha nikakua, nikaolewa Wawi, na pale kwenye ufito pakawa hapana mtu. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka mwaka huu.

Nimejifunza pia kuwa kopo lina sauti tatu. La upepo hulia mfululizo, ovyo, linachosha masikio. La mwani hulia mara moja, ufito ukainama na kubaki umeinama, ukiuvuta mshipi unakuletea majani. La samaki hulia mara mbili, kavu, kisha kimya, kama mtu aliyebisha hodi anangoja. Bi Mize ndiye aliyenieleza, na alipomaliza nilimtaka aseme tena ile ya tatu. Kwa sababu kule Wawi, kwenye cherehani, sijawahi kulisikia la upepo wala la mwani. Nasikia la samaki tu.

Nikamwambia Bi Mize. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kuwa nalisikia, na kuwa wewe nawe ulikuwa ukilisikia ukiwa kitandani kwangu. Sikumwambia nilivyokujibu. Nilitazamia atacheka. Aliweka chini fimbo yake ya pweza, akanitazama kama mtu aliyechelewa kulipa amana.

Akasema, "Kwani hamkujua? Babako siku ile alikuwa kautupa mshipi."

Baba, sikujua. Hakuna aliyetwambia, wala hakuna aliyeuliza. Bi Mize alinieleza kuwa wale wavuvi walikubeba wewe, na ni haki yao, nani angejali kijiti. Yeye alipita kesho yake asubuhi, maji yametoka. Akauona ufito wako umelala upande, kopo limezama nusu mchangani, na mshipi umenyooka kwenda baharini. Akaufuata. Mwisho wake palikuwa na kolekole mkubwa, ndoana kooni, kaa wameshamla kabakia kichwa na mifupa. Akakikata kichwa, akaitoa ndoana, akakizika mchangani, akauzungusha mshipi kwa mkono wake wa kushoto, maana yeye ni wa kushoto, na akautia mkobani na kopo, akavirudisha nyumbani kwako pamoja na ufito. "Nikasema mna mgonjwa, kisha msiba," akaniambia, "n'je n'lete habari za kichwa cha samaki?"

Nilikaa chini pale pale. Kumbe kopo lililia kweli. Lililia ukiwa kwenye sijda, sikio la kulia, mara mbili kisha kimya, na wewe hukuikata sala, na hapakuwa na mtu wa kushika. Na kabla hujanyanyua kichwa ukapigwa na kiharusi. Ukachukuliwa, na ndoana yako imebaki majini na kiumbe juu yake.

Wewe uliyetufundisha kuwa mtu hatoki pwani akaacha ndoana majini. Samaki akifia humo bila ya kuliwa, ulisema, utaulizwa. Uliwahi kurudi kwa miguu kutoka msituni, jua limechwea, kwa sababu ulidhani umeisahau moja, nayo ilikuwa imenasa kwenye kikoi chako mwenyewe. Tulikucheka wiki nzima. Mtu kama huyo amelala kitandani wiki saba, nusu ya mwili imekufa, ana maneno matatu tu yamembakia, na yote matatu ameyatumia kunituma. Ulikuwa hupayuki, baba. Ulikuwa unanituma kazi. Na mimi nikakwambia nimeshaangalia.

Jumamosi ile sikuvua. Nilirudi Wawi, na njia nzima kopo lililia, na nyumbani likalia, na siku tatu sikuweza kukaa kwenye cherehani. Nilikuwa nikisikia mara mbili, nanyanyuka, natoka mpaka barazani, nasimama naangalia mihogo. Seif akanambia twende kwa shehe akanisomee. Nikamwambia si pepo, ni kazi nilitumwa sikwenda. Hakuelewa, na sikuweza kumweleza.

Sasa nikupe habari ya Jumamosi iliyopita.

Maji yalikuwa yakijaa vizuri. Chambo changu kilikuwa na siku mbili, hata Bi Mize alikikubali na akakaa mbali nacho. Niliisoma bahari kama ulivyonionesha, nikaiona njia nyeusi, nikauzungusha mshipi juu ya kichwa na kuuachia, na chubwi likapita jeupe la kwanza likaanguka humo humo nilimotaka. Nilitamani uwe umeona. Nikauchomeka ufito kwenye mchanga mgumu, nikafunga kopo. Bi Mize aliondoka kwenda zake. Pwani nzima nikabaki mimi.

Alasiri ilipoingia nikatawadha kwa maji ya chupa, nikatandika kanga mahali pako, nikaelekea kaskazini. Niliogopa, nakiri. Niliogopa kuinama pale ulipoinama wewe. Nilikuwa kwenye sijda ya rakaa ya pili, paji la uso limegusa kanga na mchanga una joto chini yake, kopo likalia. Sikio la kulia. Mara mbili, kisha kimya.

Nikasema moyoni, ni lile la Wawi limenifuata mpaka huku. Hakuna kopo. Nikanyanyuka, nikakaa kwa tahiyatu, nikasoma. Likalia tena, mara mbili. Na hapo nikajiona, baba, nimesimama mlangoni na futikamba shingoni, nakwambia lala.

Nikaikata sala. Najua wewe hukuikata, na mimi si mchaji kuliko wewe, niliisali upya baadaye na Mungu anajua nia yangu. Nilinyanyuka nikakimbia. Ufito ulikuwa umepinda, panda yake inakaribia maji, na mshipi umenyooka unalia kwa upepo. Nikaushika. Ulinikata kidole hiki cha kuvalia kastabini, ukanichana na kiganja. Nikataka kuvuta, nikasikia sauti yako wazi kuliko kopo: shika, usivute, shika tu.

Nikashika. Sijui muda gani. Labda ni wa rakaa nne. Wimbi likija nakwenda nyuma nalo hatua mbili, wimbi likirudi nasimama nashika. Nilikuwa nalia na kuzungumza na wewe kwa sauti, na kama kulikuwa na mtu msituni atakuwa amesimulia mengi. Mwisho wimbi moja likamlaza mchangani, kolekole, ananing'aria, urefu wake kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya vidole. Nilipiga magoti nikamtoa ndoana kwa mikono miwili, polepole, kama ninayemtoa mwiba mtoto. Kisha nikauvuta mshipi wote, nikauzungusha kwenda kulia, mpaka wa mwisho. Nikahesabu ndoana. Zote nne zimo mkobani. Ndipo nikasali.

Samaki nilimpika nyumbani kwako kwa nazi. Nikapeleka sahani kwa wale wavuvi waliokubeba, kwa jina lako, na nyingine kwa Bi Mize, ambaye alisema chumvi imezidi. Kipande cha mkia nilikula mimi, nimekaa peke yangu jikoni chini ya lile tundu la bati.

Tangu siku hiyo kopo halijalia tena Wawi. Ulidhani nitasema nimepumzika? Jana nilisimamisha cherehani mara tatu kusikiliza, na kila mara nikapata kuku na redio tu, na moyo ukashuka. Wakati likilia nilikuwa nakuogopa, lakini nilikuwa nawe. Sasa nyumba imenyamaza kama ilivyonyamaza Alhamisi ile nilipofurahi kuwa umetulia. Radhi yako naiomba hivyo hivyo, bila ya kujua kama nimeipata. Labda ndivyo nitakavyokaa nayo.

Ijumaa nitakuja Makangale, nitasimama kaburini, nitakusomea hii. Ukifumba macho nitajua unasikiliza. Nakuahidi mambo mawili. Sitatoka pwani nikaacha ndoana majini, yako wala yangu. Na mtu yeyote wa nyumba hii akiniita kutoka kitandani, nguo za harusi zitangoja. Nitanyanyuka mara ya sita, na ya saba, nitakwenda mpaka kitandani, na nikitumwa nitakwenda.

Ndo basi? Bado moja tu, baba. Ulinituma kuangalia kopo. Limelia. Nimekwenda, nimeangalia, samaki nimemshika, ndoana nimeitoa majini. Hakuna kilichobaki huko.

Sasa lala, baba.

Raya